Mchezo wa Vyeo: Toka Beni ya Pwani hata Mchezo wa Njozi wa Mezani

Neno beni halimo katika Kiswahili cha kale. Limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kundi la wapiga tarumbeta na ngoma za kijeshi, nalo lilienea pwani ya Afrika Mashariki tangu miaka ya 1890. Halikukaa muda mrefu na maana yake ya kwanza. Kwa watu wa Mombasa, Lamu, Tanga na Dar es Salaam, beni haikuwa muziki peke yake. Ilikuwa chama, na ndani ya chama ilikuwa mchezo ambamo kila mtu alijivika cheo asichokuwa nacho: mfalme, jemadari, kapteni, jaji, daktari, malkia. Hamali aliyebeba magunia bandarini juma zima aliweza kuwa jenerali siku ya mapumziko, na wenziwe wakampigia saluti bila kucheka.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi mchezo huo ulivyoanza kwa watu wenye kipato haba, vyombo ulivyotumia, sababu za kufa kwake mahali pengine na kudumu kwingine. Kisha kuonyesha historia hiyo yamfaa nini kijana wa Kinondoni au Temeke atakaye kuanzisha mchezo wa njozi wa mezani hali mfuko wake ni mtupu. Mambo haya mawili yaonekana kuwa mbalimbali. Itaonekana mbele kwamba yana ujamaa wa karibu kuliko ambavyo mtu angedhani.

Bendi za kwanza ambazo watu wa pwani walizisikia zilikuwa mali ya wakubwa. Sayyid Barghash alikuwa na bendi yake Unguja, wapigaji wake wakiwa Wagoa. Katika Freretown, karibu na Mombasa, wamisionari waliwafundisha watumwa walioachwa huru kupiga vyombo vya shaba. Tanga, shule ya serikali ya Wajerumani ilikuwa na bendi ya wanafunzi. Lakini mashindano yaliyoizaa beni yalikuwako zamani. Miji ya pwani tangu kale ilizoea kugawanyika pande mbili, mtaa kwa mtaa, kila upande ukitaka kuushinda mwenziwe kwa ngoma, kwa mashairi na kwa karamu. Bendi ilipokuja haikuanzisha ushindani. Iliupa nguo mpya. Ndiyo maana beni haikuenda peke yake popote ilipofika. Ilikwenda kwa jozi, kundi na hasimu wake, kwa kuwa mfalme asiye na mfalme mwenziwe wa kumshinda hana kazi.

Dar es Salaam ulikuwa mji uliofaa mno kwa mchezo huo. Wajerumani waliufanya makao makuu ya serikali yao mwaka 1891, na pamoja na serikali likaja jeshi. Askari wao walikuwa Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi na wengineo, nao walifundishwa kwata kwa namna ya Kiprusi: kusimama wima, kugeuka kwa amri, kuheshimu cheo kuliko mtu. Makarani, maboi, mafundi na makuli walitazama gwaride hilo kila siku, wakajifunza kwa macho. Kabla ya Vita Kuu ya 1914 kulikuwa na vyama viwili vilivyojulikana katika nchi nzima. Kimoja kiliitwa Marini, kwa kufuata askari wa majini, nacho kilipendwa na makarani na watu waliojiona wastaarabu. Cha pili kiliitwa Arinoti, na humo waliingia zaidi wafanyakazi wa mikono na watu waliotoka bara. Marini walijivunia unadhifu. Arinoti hawakuona haya kucheza kwa fujo na kwa mavazi ya kazi, na hilo nalo likawa fahari yao.

Ni kosa kudhani kwamba kilichowavuta watu hao kilikuwa tarumbeta. Kilichowavuta kilikuwa kanuni. Kila chama kilikuwa na ngazi zake za vyeo, na cheo hakikuchukuliwa ovyo. Mwenye cheo alikuwa na wajibu: huyu hukusanya michango, huyu huandika barua, huyu huamua ugomvi, huyu huwapokea wageni. Mwanachama aliyesafiri toka Tabora hata Dar es Salaam aliwakuta watu wa chama chake, akapata pa kulala, na akifa mbali na kwao alipata sanda na wa kumzika. Wanawake walikuwa na vyeo vyao pia, na mchango wao haukuwa mdogo. Basi ujenerali wa beni ulikuwa wa kubuni, lakini matendo yaliyotoka katika ubunifu huo yalikuwa ya kweli. Mtu aliyejizoeza kuamua shauri dogo la ngoma alikuwa amejizoeza kuamua shauri.

Vyeo vyenyewe vilifuata upepo wa dunia. Zama za Wajerumani kulikuwa na Kaizari na Bismarck katika beni. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mnamo Septemba 1916, Kaizari alianza kumpisha Kingi. Vita hivyohivyo viliisambaza beni kuliko kitu kingine chochote. Askari wa pande zote mbili, na wapagazi kwa maelfu, walitembea nchi toka pwani hata maziwa, wakaichukua ngoma hiyo katika miguu yao. Jina la Kariakoo, ambako kikosi cha wapagazi kilipiga kambi, ni kumbukumbu ya watu hao. Mwaka 1919 maofisa wa Kiingereza waliingiwa na hofu kwa kuona barua zikipita kati ya vyama vya miji iliyo mbali, zikiwa na sahihi za watu wenye vyeo vikubwa. Ikafanywa uchunguzi. Waliotafuta njama wakakuta vyama vya ngoma na vya kusaidiana.

Sasa inafaa kutazama gharama. Tarumbeta ya shaba ilitoka Ulaya, na mshahara wa kuli haukuweza kuinunua. Kama mchezo ungekuwa umefungwa na chombo, ungalibaki mikononi mwa wachache. Lakini kila ulipofika mahali pa watu maskini, mchezo ulikitupa chombo ukaishika kanuni. Ushahidi ulio wazi watoka katika nchi za ziwa Nyasa. Askari waliorudi makwao huko baada ya vita hawakuwa na shaba. Walichukua vibuyu, wakavitoboa, wakaziba tundu kwa utando wa buibui, na kibuyu kikaimbiwa kikatoa sauti ya mvumo kama tarumbeta. Huko Malawi ngoma hiyo yaitwa malipenga, na upande wa Tanzania, katika nchi ya Mbinga na kando ya ziwa, yajulikana mganda. Wachezaji wake huvaa nadhifu, hupanga safu, na wana manahodha na vyeo vyao. Gharama ya tarumbeta ni kibuyu kimoja na subira ya kumtafuta buibui.

Ushahidi wa pili watoka Luanshya, katika migodi ya shaba ya Zambia, ambako J. Clyde Mitchell aliitazama ngoma ya kalela, jamaa ya beni, akaandika habari zake mwaka 1956. Ngoma za kalela zilikuwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Wachezaji walikuwa wachimba madini na vibarua waliovaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vilivyong'arishwa. Walikuwa na mfalme wao aliyevaa suti. Walikuwa na daktari mwenye joho jeupe na msalaba mwekundu, na bibi muuguzi aliyepita katika safu akiwapa wachezaji kioo na hanchifu ili wajitengeneze. Hapakuwa na hospitali wala kiti cha enzi. Palikuwa na joho moja, kioo kimoja, na watu waliokubaliana.

Kinyume chake kilionekana mahali ambapo fedha ilitangulia. Katika Lamu, mashindano ya pande mbili za mji yalikuwa ya karamu na ya kuchinja, na ushindi ukapimwa kwa wingi wa vilivyoliwa. Mombasa, vyama vya wanawake vya lelemama, hasa mahasimu wawili Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa mavazi, kwa maandamano na kwa mapambo yaliyogharimu mali nyingi. Margaret Strobel, aliyeandika habari zao mwaka 1979, ameonyesha jinsi uzuri na uzito wa mashindano hayo ulivyokwenda sambamba. Mchezo wa namna hiyo wapendeza sana, lakini una mwisho. Asiye na mchango huona haya kuja, na aliye na mchango huchoka kulipa. Kilichoanza kuwa faraja ya mtu mnyonge hugeuka kuwa deni lake.

Dar es Salaam nayo iliona jambo lililofanana na hilo kwa njia nyingine. Beni ilipopungua nguvu, vijana wa mjini walielekea dansi. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, na baada yake zikafuata nyingine. Lakini gitaa, saksafoni na, baadaye, vyombo vya umeme havina kibuyu cha kushika mahali pake. Kwa hiyo ilipofika miaka ya 1960 wapigaji wengi walitafuta mwenye chombo. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi, na baada yake polisi, jeshi na mashirika yalikuwa na bendi zao. Muziki ulistawi, wala hakuna anayeweza kuukana uzuri wake. Hata hivyo mpigaji alikuwa mwajiriwa, na msikilizaji alikuwa mnunuzi wa tikiti. Cheo kilichogawiwa watu wote katika beni kilibaki kwa walio jukwaani.

Wataalamu hawakuafikiana juu ya maana ya vyeo hivyo. Mitchell aliona kwamba wachezaji wa kalela waliigiza heshima ya Wazungu, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa ngazi ya heshima iliyokuwa mbele yao. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, aliona zaidi ya mwigo: aliona desturi ya kale ya mashindano ya pwani ikijichagulia mavazi mapya kwa akili na kwa makusudi. Huenda kauli zote mbili zina kweli ndani yake. Mtu aliyenyimwa cheo huigiza cheo alichokiona; na katika kuigiza hujifunza kwamba cheo ni vazi, na vazi huvuliwa.

Hapa ndipo mchezo wa mezani unapoingia, maana nao umetoka katika jeshi lilelile la Prussia. Mnamo mwaka 1812 mwungwana mmoja wa huko, Reisswitz, alimtengenezea mfalme wake mchezo wa vita uliochezwa juu ya meza kubwa yenye vigae vya kuonyesha milima, mito na barabara. Kilikuwa kitu cha thamani kubwa, cha kuwekwa katika jumba la kifalme. Mwanawe, Georg von Reisswitz, aliitupa meza. Mwaka 1824 alitoa mchezo uliotumia ramani za karatasi, vipande vidogo vya kuonyesha vikosi, dadu, na mwamuzi mmoja aliyepokea amri za kila upande na kuwaambia wachezaji yaliyowapata. Kwa kuwa ulikuwa rahisi kubeba na kutengeneza, ulienea katika jeshi. Meza ya baba ilibaki kwa mfalme. Karatasi ya mwana ikaenda duniani. Basi kwata na mchezo wa vita vilitoka katika mlango mmoja. Kimoja kilipita baharini kikafika katika mchanga wa Dar es Salaam, kikawa beni. Cha pili kilibaki mezani, kikapita Uingereza, kikafika Marekani.

Huko Marekani mabadiliko yaliyofuata yalifanana ajabu na yale ya pwani. Mwaka 1969 David Wesely wa Minnesota alitunga mchezo juu ya mji wa kubuni wa Kijerumani alioupa jina la Braunstein. Badala ya kumpa kila mchezaji kikosi, alimpa kila mmoja nafsi: huyu meya, huyu tajiri wa benki, huyu mwanafunzi. Mwenziwe, Dave Arneson, alilipeleka wazo hilo katika nchi za majini na wachawi. Mwaka 1974 Arneson na Gary Gygax walitoa Dungeons & Dragons, vijitabu vitatu vidogo ndani ya sanduku, nakala za kwanza zikiwa 1000. Mchezaji alikuwa shujaa, mchawi au kasisi. Msimamizi alisimulia ulimwengu. Dadu ikaamua la bahati. Mtu aliyeijua beni angeutambua mchezo huo mara moja. Ni cheo cha kubuni, wajibu wa kweli, na mwamuzi anayeaminiwa na wote.

Leo mchezo huo una biashara kubwa. Kuna vitabu vya jalada gumu, sanamu ndogo zilizopakwa rangi, na dadu za pande 4, 8, 12 na 20. Anayetazama madukani ataamini kwamba hauwezi kuanzwa bila fedha nyingi. Historia yake yenyewe yakanusha. Mwaka 1979 dadu zilipoadimika, kampuni iliyouuza mchezo iliweka ndani ya sanduku vipande vya karatasi ngumu vyenye nambari, ili mchezaji avikate, avitie kikombeni na kuokota kimoja bila kutazama. Tena kanuni za msingi zilitolewa bure mwaka 2014, na mnamo Januari 2023 sehemu kubwa ya kanuni iliwekwa chini ya ruhusa inayomwachia mtu yeyote kuinakili, kuibadili na hata kuitafsiri, maadam ataje ilikotoka. Tarumbeta ya mchezo huu ni dadu ya pande 20. Kibuyu chake ni vipande 20 vya karatasi ndani ya kofia.

Vitongoji vya Dar es Salaam vina mahali tayari pa mchezo wa namna hiyo. Mji huo ulikuwa na watu 69,227 katika hesabu ya mwaka 1948, na 128,742 katika ile ya 1957. Wengi wa waliozidi walihitaji pa kulala, na hivyo Magomeni, Temeke na Kinondoni zikapanuka upesi katika miaka ya 1950. Nyumba iliyoenea humo ilikuwa ile ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma, na baraza mbele. J. A. K. Leslie, aliyeuchunguza mji mwaka 1956, alikuta watu wa makabila mengi wakipanga chumba kimoja kimoja katika nyumba hizo. Baraza haikuwa ya mtu mmoja. Hapo palichezwa bao na karata, na aliyekuwa mgeni jana alipata pa kukaa leo. Vitongoji vimekua mno tangu siku hizo, na sehemu nyingi zimebadilika sura. Lakini penye baraza au mwembe wenye kivuli, meza imekwisha patikana.

Kwa hiyo kijana atakaye kuanza hana haja ya kungoja sanduku toka ng'ambo. Watu wanne au watano wanatosha. Daftari moja na kalamu ya risasi vyatosha kuandika jina la kila nafsi, nguvu zake na mali zake. Dadu ya kawaida ya pande sita, ile ya ludo, yapatikana kwa bei ndogo. Nambari nyinginezo zaweza kuokotwa katika kofia. Komwe za bao zafaa kuhesabu uhai wa shujaa: akijeruhiwa huondolewa moja, akipona hurudishiwa. Ramani huchorwa mchangani kwa kijiti na kufutwa kwa mguu. Mmoja miongoni mwao, mwenye simu, anaweza kuzisoma kanuni zilizotolewa bure na kuwaeleza wenzake. Siku ya kwanza inafaa kanuni ziwe chache, za kutosha kujua nani anatenda, lini bahati yaulizwa, na nani ana neno la mwisho. Nyingine zitafuata kadiri haja inavyotokea.

Kilicho kigumu si vyombo, ni msimamizi. Katika beni alikuwa mwenye cheo aliyeaminiwa kuamua. Katika masimulizi ya jioni ni mtambaji, anayejua lini anyamaze na lini aongeze chumvi. Mwamuzi wa Reisswitz alihitaji sifa hizohizo. Msimamizi akiwapendelea jamaa zake, au akiwa mtu wa kutaka kushinda, mchezo utavunjika hata kama dadu ni za dhahabu. Kwa hiyo kundi linaloanza lafaa kumchagua mtu wa haki kabla ya kumchagua mwenye maneno mengi, na lafaa pia kupokezana kiti hicho, ili kila mmoja aonje uzito wake.

Liko na jambo la lugha. Vitabu vya mchezo huo vimeandikwa kwa Kiingereza, na asiyekijua hubaki mlangoni. Beni ilikwisha onyesha njia. Watu wake waliyachukua maneno ya kambini, wakayafinyanga mdomoni, wakayatia katika nyimbo za Kiswahili na kuyatumia mitaani bila kuomba ruhusa. Mchezo wa mezani hautakaa Temeke mpaka wachezaji wake waufanyie vivyo hivyo. Majini, mazimwi, wafalme wa Kilwa, misafara ya pembe na majahazi yaliyopotea vimo katika hazina ya masimulizi ya pwani, wala havihitaji kununuliwa. Mwenye kuigiza shujaa wa nchi ngeni hutumia jitihada yake kuikumbuka nchi hiyo. Mwenye kuigiza nahodha wa Kilwa hutumia jitihada yake kufikiri.

Wako wazee watakaosema kwamba huo ni uvivu wa vijana wasio na kazi, na maneno hayo si mapya. Maofisa wa 1919 waliiona beni kuwa hatari. Mitaa iliyoacha mtu awe jenerali kwa jioni moja ilimpata, asubuhi yake, mtu aliyezoea kupokea zamu, kutunza mchango wa wenzake na kukubali hukumu asiyoipenda. Faida hiyo haikununuliwa kwa shaba. Ilipatikana kwa kibuyu, kwa pipa la mafuta lililowambwa ngozi, na kwa watu walioshika kanuni walizokubaliana. Na palipokuwa na karamu kubwa kuliko kanuni, ilipotea.